Mwanamke wa Ukutani Ipogolo

Mjukuu wetu anasoma historia ya sanaa chuo kikuu, na mwaka jana aliamua kwamba mimi ni sehemu ya historia hiyo. Nilifurahi kupita kiasi. Mtu aliyeishia kidato cha nne, akapaka rangi kuta za hoteli za chakula kutoka Igawa mpaka Iringa, hajazoea kuhojiwa. Nilinyoa ndevu, nikavaa koti.

"Babu, narekodi sauti tu," aliniambia.

"Hata sauti huvaa," nikamjibu.

Tulikuwa nyumbani kwetu Mbeya. Mke wangu alikaa mlangoni, penye mwanga, akipepeta mchele. Mjukuu alinionyesha kwenye simu picha niliyoichora ujanani katika ukuta wa hoteli moja ya Ipogolo, pale abiria wanaposhuka kula: mwanamke amesimama, kikapu cha Iringa kichwani, mkono mmoja umekishika. Alikuwa ameshaandika kurasa mbili kuhusu ncha ya kijani inayochungulia juu ya sikio la yule mwanamke. Kwa maoni yake lile lilikuwa jani, na jani hilo lilikuwa ardhi inayokataa kusahaulika.

Niliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu ambaye siri yake ya kina imegunduliwa. Mlangoni ungo ukanyamaza.

"Sasa babu, huyu mwanamke ni nani? Nahitaji maelezo ya kuweka chini ya picha."

"Andika: mwanamke wa Kihehe akitoka sokoni."

Mke wangu aliangua kicheko. "Mke mwenzangu," alimwambia mjukuu, maana ndivyo anavyomwita tangu azaliwe, "hebu muulize mume wetu huyo Mhehe alimtoa wapi."

Mhehe ni mimi. Mke wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na yule wa ukutani ni yeye. Tulikuwa tumeoana karibuni, nikamwomba asimame uani pa hoteli akiwa na mkungu wa ndizi kichwani ili nimchore. Alisimama mpaka shingo ikamuuma. Picha ilitoka vizuri, nasema mwenyewe. Kisha mwenye hoteli, mzee wa asili ya Pwani, akatoka na kikombe chake cha kahawa, akaitazama kwa muda.

"Fundi, kazi safi. Lakini abiria akishuka Iringa anataka kuona Iringa. Ndizi atazikuta mbele ya safari."

Sikubisha hata kidogo. Nilifuta mkungu, nikaweka kikapu. Uso sikuugusa. Ila mkungu ulikuwa mrefu kuliko kikapu, na rangi ya kufutia ikaniishia njiani. Ndizi moja ikabaki imechomoza juu ya sikio.

"Kwa hiyo jani langu ni ndizi," alisema mjukuu.

"Tena mbichi," alisema bibi yake.

Tulicheka, mjukuu akiongoza. Nilidhani mambo yataishia hapo, kama yanavyoishia mengi kwetu. Lakini mke wangu aliweka ungo chini.

"Ukutani nimevumilia," alisema. "Nikipita pale wananisalimia kwa Kihehe, 'kamwene', naitikia. Nimebeba kikapu ambacho hata kukisuka sijui. Lakini chuo kikuu siendi nikiwa Mhehe. Mke mwenzangu, ukiandika hivyo na wewe, mimi sitakuwepo tena popote."

Hakusema kwa hasira. Heri angesema kwa hasira.

Nilijitetea. Nilisema picha si kitambulisho, na kwamba mwenye ukuta ndiye mwenye neno. Mjukuu alisema darasani wana nadharia nzima kuhusu jambo hilo: ukitazama picha ya mtu, uliza nani alishika brashi, nani alilipa, na nani alisimama tu.

"Hayo ni maswali ya watu walioshiba," nikasema.

"Mimi ndiye niliyesimama," alisema mke wangu, "na siku hiyo sikuwa nimeshiba."

Nilikuwa nimeidharau nadharia ya mtoto, kumbe ilikuwa imenisubiri mlangoni na ungo mkononi.

Wiki hiyo hiyo tulikwenda Ipogolo sote watatu, kwa kuwa mjukuu alitaka kupiga picha nyingine, bibi yake akiwa kando ya ukuta. Hoteli sasa inaendeshwa na mtoto wa yule mzee. Alimpa mke wangu shikamoo, akamtazama, akautazama ukuta.

"Mama, kumbe ni wewe! Na mimi miaka yote nawaambia wageni huyu ni bibi wa Kihehe wa hapa hapa."

"Umedanganya vizuri, mwanangu. Umerithi."

Mpishi alitoka jikoni na mwiko wake kuja kulinganisha. "Pua ni ile ile, bibi. Ila huyu wa ukutani amenuna."

"Shingo ilikuwa inauma."

Hapo ndipo nami nilipoona. Kikapu chepesi hakimkunji mtu uso namna ile. Nilikuwa nimefuta mzigo, nikauacha uzito. Nimepita mbele ya ukuta ule mara nyingi, nikijisifu kwa ule uso, bila kujiuliza unalalamikia nini.

Mwenye hoteli alisema ana rangi stoo, kama nataka kurekebisha. Mkono wangu ulitamani.

"Asiguse!" mke wangu alisema. "Akishika brashi tena, kesho nitaamka Mngoni. Mimi nataka maneno. Mke mwenzangu, andika."

Mjukuu alifungua simu yake. Nikataka kusaidia. "Andika: mke wa mchoraji..."

"Nani amekuuliza, mzee?"

Mke wangu alianza na jina lake, lile alilopewa kwao, ambalo hata mimi niliacha kumwita kwalo tulipopata mtoto wa kwanza. Akataja kijiji chake. Kisha akasema polepole, ili lisipotee neno: "Mnyakyusa, amebeba mkungu wa ndizi usioonekana, anangoja mumewe amalize ili yeye akapike."

"Na mchoraji, bibi? Lazima atajwe."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Muweke mwishoni, kama nafasi ipo."

Nafasi ilipatikana. Mstari wa chini kabisa, kwa herufi ndogo.