Chakula cha Kuku Wangu na Mke wa Mwanangu

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na sioni aibu. Nyumba ninayolala niliijenga kwa vifaranga. Kuanzia Busia hadi Tororo, ulizia mzee wa vifaranga, utaonyeshwa geti langu. Mashine yangu ya kwanza ya kuangulia niliiunda kwa sanduku la mbao, taa ya mafuta na kipimajoto. Watu walinicheka. Leo hao hao wanapanga foleni kwangu.

Kwa hiyo mambo ya mayai usinifundishe. Mayai yakikataa kuanguliwa, mjinga analaumu mashine. Mimi naanza na chombo cha chakula: kuku aliyetaga alikula nini wiki zilizopita? Na jogoo je? Wangu nawachanganyia mahindi, soya, majani mabichi, maganda ya konokono wa ziwani yaliyosagwa, na vile visamaki ambavyo Wakenya wanaita omena na sisi upande wa Uganda mukene. Sipunji hata kidogo.

Lakini nyumbani kwangu mwanamke hakula yai. Wala nyama ya kuku. Sheria hiyo niliikuta kwa baba yangu, nikairithi pamoja na shamba. Wazee walisema yai linafunga tumbo la mwanamke. Linafunga vipi, sikuuliza.

Mwanangu wa mwisho, ambaye ndiye anayesambaza vifaranga kwa gari mpaka Malaba, alioa msichana wa kijiji cha Paya, mlokole, mtu wa maneno machache. Miaka sita ikapita bila mtoto. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema mwanangu aoe mwingine. Ninalisema hapa kwa sababu nililisema kule, kwa sauti, na msichana alikuwa anafua nguo nyuma ya nyumba.

Mwanangu alimpeleka mkewe Kampala. Madaktari wakakuta mirija ya mke imeziba, na mbegu za mume ni chache na zinatembea kivivu. Hapo neno la mke wa pili nikaliacha. Wakajaribu kuwatengenezea mimba nje ya tumbo, haikushika. Wangeweza kurudia, lakini mkwe wangu alisema itakuwa mara moja zaidi tu. Mwili wake ulikuwa umechoka na sindano.

Safari hiyo ya kupanga jaribio la pili niliwasindikiza. Nilikaa kwenye korido, mbali na benchi la mkwe wangu, kama mila inavyomtaka baba mkwe. Wao wakaitwa ndani, na baada ya kitambo mlango ukafunguliwa, sista wa lishe akatoa kichwa.

"Mzee, ingia. Nimewauliza hawa nani anaamua kinacholiwa nyumbani. Binti anaangalia sakafu, mume anasema ni wewe."

"Ni mimi," nikasema. Kwa majivuno, bado.

Nikasimama karibu na mlango. Akaniuliza kazi yangu, nikamweleza. Nikamuuliza na yeye: huko ndani mnafanyaje hasa? Akasema wanachukua yai la mama na mbegu ya baba, wanaziunganisha kwenye kisahani, halafu wanaweka ndani ya mashine yenye joto.

"Joto gani?"

"Thelathini na saba."

Mashine zangu mimi ni thelathini na saba na nusu. Miaka yote hiyo nimesimama mbele ya joto linalotengeneza mtu, nikidhani ni joto la kuku tu.

Sista akaendelea. Mbegu ya mwanaume, akasema, inachukua karibu miezi mitatu kuiva, kwa hiyo pombe ya waragi na sigara za leo zinaweza kuonekana huko mbele. Mwanangu akakohoa. Kisha sista akanigeukia mimi.

"Mzee, kuku wako wa mayai ya kuangua wanakula nini?"

Nikamtajia, soya, mukene, majani, na vipimo vyake. Nilitaja vizuri sana.

"Na mkwe wako anakula nini?"

Nikafungua mdomo. Ugali wa muhogo. Chai. Ugali tena, na mboga kidogo. Sikumaliza. Sista hakunicheka, na ingekuwa afadhali angenicheka.

"Siwaahidi mtoto," akasema. "Chakula hakizibui mirija. Kinaweza kuusaidia mwili uwe tayari, basi. Mayai, samaki, maharagwe, mboga za majani, matunda. Wote wawili. Miezi mitatu, halafu mrudi."

Tulipofika nyumbani nilimwita mke wangu nikamtangazia kwamba sheria ya mayai nimeifuta. Nilitegemea ashangae. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee, mayai yanayovunjika kila siku hapa, ulidhani yanakwenda wapi?"

"Kwa mbwa."

"Mbwa gani! Umewahi kumwona mbwa wako amenenepa? Tumekula mimi, wamekula binti zako, wamekula wakwe zako wote. Huyu wa Paya tulimpa, akakataa. Alisema, baba ameshasema hapana."

Nilikaa juu ya gunia la chakula cha kuku. Katika boma zima, mtu mmoja tu alinitii, na ndiye huyo niliyetaka aletewe mke mwenza.

Jikoni kwa mkwe siingii, ni mwiko, na huo sijaufuta. Nilichagua mayai ya kuku wangu bora, trei nzima, nikaiweka mlangoni kwake, nikarudi nyuma hatua kadhaa na kuangalia upande wa ghala.

"Mama, kula," nikasema. "Mimi ndiye niliyekataza na mimi ndiye niliyekosea."

Sauti yake ikatoka ndani: "Baba, hayatanifunga tumbo?"

"Wazee walikosea. Na lile neno nililosema siku ile ukifua, nalo nilikosea."

Niliona mkono ukivuta trei ndani, polepole, kama inaweza kulipuka.

Miezi mitatu nilichunga sahani za watu wawili kuliko nilivyowahi kuchunga kuku. Mwanangu aliacha waragi na sigara. Chipsi za Malaba alizifuata kwa siri mara mbili, nikaambiwa na wateja. Wakarudi Kampala. Halafu tukangoja.

Siku mwanangu aliponiletea simu, nilikuwa kwenye chumba cha giza ninakopimia mayai kwa tochi. Kwenye kioo chake kulikuwa na video ya kipimo kutoka Kampala, ukungu wa kijivu, na katikati yake kitone kinapiga. Kinapiga, kinapiga. Nilichukua yai la siku ya tano nikaliweka juu ya tochi, na pale ndani ya mishipa yake myekundu kulikuwa na kitone, nacho kinapiga. Tulisimama na vitone vyetu viwili. Nimepima mayai maelfu. Siku hiyo ndiyo niliogopa kulishika moja.

Nilimpigia sista simu nikamwambia mayai yangu yamefanya kazi. "Sio mayai peke yake, mzee," akasema. Najua. Hata mimi naweka joto, maji na chakula, na kinachokigusa kile kitone kikaanza kupiga sijawahi kukiona.

Mtoto ni msichana. Wiki iliyopita mama yake alimpa yai la kuchemsha uani, mbele yangu. Mtoto akaliponda, akajipaka mashavuni, kidogo kikafika mdomoni. Wanawake wote wa boma wakaniangalia, waone uso wangu utakuwaje.

Nikachukua yai la pili, nikaanza kulimenya.