Pumzi za Odilia

Odilia Ndayikunda wa Makere hakuwa mtu wa kubabaishwa. Aliingia nchini kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akapata uraia, akalima, akafiwa na mume, na bado sokoni hakuna aliyemweza kwa utani. Lakini mwaka juzi palizi ilimbana, naye mihogo michungu aliyoiloweka kijitoni akaiopoa siku ya pili badala ya ya nne, sumu yake haijaisha. Ugali wake ulimuua bintiye Niyubahwe, wa miaka sita. Kaka zake wawili walinusurika kwa kuwa walikuwa shuleni.

Tangu hapo, harufu ya mihogo iliyolowekwa ikimfikia tu, kifua kinambana, masikio yanavuma, anaanguka. Na Makere nzima inanuka mihogo. Wanawe wakawa wanakula kwa majirani, na majirani wakaanza kuguna.

Rabia, nesi aliyehamishiwa zahanati ya hapo kutoka Tanga, akamfundisha kuketi, kufumba macho na kuifuata pumzi ikiingia na kutoka. Mawazo yakitoroka, ayarudishe bila kujikaripia.

"Mama, ndani ya ubongo kuna sehemu inayopiga king'ora cha hatari. Yako imesahau kunyamaza. Ukifanya hivi kila siku, wiki kwa wiki inapoa, na sehemu ya mbele, ile ya kufikiri, inashika tena usukani."

"Itanisahaulisha mwanangu, dada nesi?"

"Hapana. Itapunguza hofu tu."

Hofu tu! Aisifuye mvua imemnyea, na Rabia wa watu hata manyunyu hayajampata.

Wiki ya kwanza Odilia alisinzia. Ya tatu alilia. Ya sita alipita karibu na kijito bila kuanguka. Ya tisa akajitwika kikapu cha mihogo, akachuchumaa ukingoni, akailoweka mwenyewe. Moyo ulidunda, kisha ukatulia. Akahesabu siku nne kamili, akaanika, akatwanga, akasonga. Wanawe walikula mpaka wakalamba vidole, naye akafurahi kweli.

Akabaki ameketi jikoni akivuta pumzi polepole, kichwa kimetulia kuliko siku yoyote tangu msiba. Ndipo likamjia jambo ambalo hofu ilikuwa imelifunika muda wote huo. Siku ile Niyubahwe alilitema tonge la kwanza.

"Mama, mchungu," alisema.

Naye Odilia, akiwa na haraka ya kurudi shambani, alimjibu: "Kula."