Ukanda wa Kibuyu cha Kogo

Juzi gari langu lilizimika karibu na Kapsoit, chai pande zote mbili za barabara na mvua ya alasiri ikija. Fundi aliyefika, kijana mpole, aliangalia bomba la maji lililopasuka akatikisa kichwa. "Hii haitengenezwi, kogo. Tunaweka ingine." Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na ndivyo tulivyomwita mama yake baba. Basi moyo wangu ukarudi nyumbani, miaka ile ya hamsini.

Baba alikuwa na gari kuukuu la kubebea mahindi, na fundi wake alikuwa yeye mwenyewe, maana mwingine hakuwako. Tangi likivuja, aliliziba kwa sabuni ya kipande. Gurudumu likipasuka, alitia kiraka huku akipiga mluzi. Nyumba yetu ilinukia petroli na mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, na mpaka leo nikinusa kimoja ninatamani na mwenzake. Kogo alilitania sana gari lile: "Linakunywa maji kushinda ng'ombe, na maziwa halina."

Asubuhi moja mama alishikwa na uchungu, mtoto akiwa amelala vibaya tumboni. Mkunga akasema ni hospitali ya Kericho tu. Baba alipowasha gari, bomba la maji likapasuka. Alilizungushia mpira wa tyubu akaufunga kwa waya, lakini waya ukaukata, na kamba ya katani ikateleza. Mikono yake, niliyoiamini kuliko kitu chochote, ikapekua sanduku la vifaa ikatoka mitupu.

Kogo akaingia ndani, akatoka na kibuyu chake cha maziwa. Kilikuwa na ukanda wa ngozi aliopewa na mama yake siku ya kuolewa, laini kwa miaka ya kupakwa siagi. Sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuugusa. Akaukata kwa kisu.

"Mama, hiyo ni ya harusi yako," baba akasema.

"Na mke huyu analia hapa ni wa nani? Shika. Vuta sana!"

Gari likaondoka polepole, kogo mbele na debe la maji ya kuongeza njiani. Nilisimama uani nikisikiliza mngurumo ukipanda kilima hadi ukapotea. Waliporudi, mama alikuwa amempakata mdogo wangu.

Baba hakuufungua ukanda ule kamwe. Gari liliuzwa kama chuma chakavu nikiwa shule ya bweni, likaenda nao. Wote wamekwenda sasa, baba, mama na kogo, na ninawatamani sana. Kibuyu kiko kwangu, kimekaa mezani kwa kuwa hakina cha kukining'iniza. Kogo alipokuwa hai nilimwambia tukitafutie ukanda mwingine, akacheka.

"Wacha tu. Ile yake iko kazini."