Moto Haufiki

Juzi gari la mdogo wangu liligoma Kijenge. Fundi akafunua boneti, akagusagusa nyaya, akasema, "Moto haufiki kwenye stata," yaani umeme wa betri. Harufu kali ya betri ikanirudisha Nkoaranga, uani kwa bibi.

Asubuhi moja, nilipokuwa mtoto, uchungu wa kujifungua ulimshika mama. Baba alikuwa na gari kuukuu la Kijapani, mtumba, kama yale yaliyoanza kujaa mjini wakati ule. Akazungusha ufunguo, likasema "tik", basi. Mama akang'ata pindo la khanga. Baba akainamia injini, jasho linamtiririka, akafoka peke yake, "Moto haufiki! Haufiki kabisa!"

Bibi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, alisikia neno moto akakimbilia jikoni. Akarudi na makaa mekundu juu ya kigae, anayapuliza yasizimike.

"Huu hapa, baba. Tia."

Mimi nilitaka kucheka. Baba hakucheka. Alikipokea kigae kwa mikono miwili, akakiweka juu ya jiwe kando ya gari. "Asante, mama. Naomba na yale maji yanayochemka jikoni."

Bibi alipoyaleta, baba akayamwaga kwenye vichwa vya betri, unga mweupe uliovishika ukayeyuka, akakaza nati. Gari likawaka.

Tulipokuwa tunateremka kwenye matope kuelekea hospitali, nilimwona bibi kupitia kioo cha nyuma. Alikuwa amekiokota kigae chake, anapaza sauti:

"Likizimika njiani, rudini! Moto upo!"