Udongo Mchachu wa Mayfair

Kabla ya kuja Johannesburg, Leonida alikuwa mtu wa radiumu. Wenzake wa Dar es Salaam walimwita Bibi Radiumu, kwa utani wenye heshima ndani yake, kwa sababu katika idara yao yeye alikuwa mwanamke wa kwanza kuifanya kemia ya mionzi kazi ya maisha. Alisomea Kiev, akarudi na udaktari wake na koti zito lisilovalika pwani. Kisha akatumia miaka kupima jinsi radiumu inavyotoka kwenye miamba ya fosfeti, ikaingia katika mizizi ya mchicha, na kutoka kwenye mchicha ikahamia kwa mlaji.

Mumewe, Vusumuzi, alikuwa mkimbizi wa siasa aliyefundisha ufundi wa umeme Mazimbu, Morogoro. Nchi yake ilipopata uhuru wake mwaka 1994, walihamia huko pamoja na binti yao Nomsa. Ndugu walidhani Leonida amemfuata mume. Ni kweli, lakini si kweli yote. Siku alipoiona kwa mara ya kwanza milima ya manjano kusini mwa jiji, taka za karne nzima ya uchimbaji wa dhahabu, moyo ulimwenda mbio. Mwamba uliobeba dhahabu ulibeba urani pia. Wachimbaji walichukua walichokitaka, kilichobaki wakakimwaga nje. Na penye urani, radiumu haikosi. Alijiona amefika kwenye maabara kubwa kuliko zote, tena isiyo na paa.

Ufunguo wake hakupewa. Ofisi moja ilisema shahada ya Kiev lazima itathminiwe. Ilipokwisha kutathminiwa, nyingine ikasema uzoefu wake ni wa nje. Alipojikusanyia uzoefu wa ndani, nafasi yenyewe ikafutwa. Aliomba fedha za kuchunguza mboga zinazolimwa kando ya milima ile, akajibiwa kwa adabu, na adabu hiyo ikamchosha kuliko matusi. Mwishowe alishika chaki katika chuo cha binafsi katikati ya jiji, juu ya duka la viatu, akiwafundisha vijana waliofeli mitihani kusawazisha milinganyo ya kemia. Wengine walikuwa wazuri. Hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu radiumu.

Mwaka 2006 alikuwa akiishi mtaa wa Mayfair, na jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Emérite, msichana wa Kirundi aliyekimbia vita pamoja na mumewe Didier. Emérite alikuwa ameharibikiwa mimba mara mbili. Sasa alibeba ya tatu, nayo ilikuwa imeshika. Hakuwa na mama wala shangazi katika mji ule, basi Leonida akawa vyote viwili.

Asubuhi moja Emérite alikuja kuomba chumvi, taya zikimchezacheza.

"Unatafuna nini, mwanangu?"

"Udongo tu, Mama Nomsa."

Leonida akacheka. Alipokuwa na mimba ya Nomsa, yeye mwenyewe alikimega kichuguu cha Mazimbu mpaka mchwa wakahama. Akanyoosha mkono apewe kipande, kama mtu anavyoomba karanga. Alipopewa, kicheko kikamkauka. Udongo ulikuwa wa manjano iliyofifia, laini mno, umesagwa sawasawa namna ambayo mvua na mito haisagi. Akaugusa kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa mchachu.

Alijua uchachu ule. Mwamba wa dhahabu una salfa. Ukisagwa ukaachwa kwenye hewa na mvua, salfa hugeuka asidi.

"Umeutoa wapi?"

"Kwa Bi Mwanaasha. Unaitwa udongo wa dhahabu. Anasema unatia damu."

Bi Mwanaasha alikuwa mwanamke wa Tanga mwenye meza ya dagaa, ukwaju na ubani mbele ya duka la Msomali. Zamani aliletewa udongo wa kula kutoka kwao na madereva wa malori. Watu wa forodha mpakani walipoanza kuutupa, alitazama huku na huku kutafuta mwingine, akauona mlima. Wenyeji wangemwambia kuwa ule ni jaa la mgodi, lakini wenyeji hawakuwa wateja wake, na yeye hakuwauliza. Aliwatuma watu wamchimbie, akauponda, akaufinyanga kwa maji ya iliki, akauoka.

"Bi Mwanaasha, udongo huu ni taka za mgodi," Leonida alimwambia.

"Ni wa mlimani, shoga. Umelala na dhahabu tangu dunia kuumbwa. Kitu kilicholala na dhahabu kitakuwa kibaya?"

"Umelala na urani pia."

"Huyo Urani simjui. Amewahi kununua kwangu?"

Wanawake waliokuwa mezani wakacheka hata mmoja akashika kiuno.

"Nasema kwa elimu yangu. Una sumu ya mionzi."

"Haya, daktari, nionyeshe mmoja aliyekula akafa. Mmoja tu."

Hapo Leonida alikwama, na alijua atakwama. Radiumu haiumi kama nyoka. Mwili huidhani ni kalsiamu, huipeleka kwenye mifupa, nayo hukaa humo ikichoma polepole kwa miaka. Mtoto aliye tumboni hujenga mifupa yake kwa kile anachokula mama. Aliyaeleza haya yote palepale, juu ya dagaa, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoona nyuso zikifunga. Emérite peke yake ndiye aliyesikiliza mpaka mwisho.

"Basi upime, Mama Nomsa," alisema kwa sauti ndogo. "Ukipimwa ukaonekana mbaya, nitaacha. Nakuapia."

Leonida alimtafuta François, Mkongo aliyewahi kufundisha naye chuoni, ambaye sasa alifanya kazi katika maabara inayowapimia makampuni ya madini. François alikubali kuliingiza kopo lake kati ya makopo ya wenye fedha. Leonida alilijaza udongo, akaliziba kwa gundi na utepe. Radiumu huzaa gesi, nayo lazima ifungiwe humo karibu mwezi mzima mpaka itulie. Ukipima mapema unapata ukweli nusu. Wanafunzi wake wa Dar walijua kuwa hakuna kosa alilolichukia kuliko hilo.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Kila Emérite alipotoka kuanika nguo, taya zilikuwa zikicheza.

"Acha kwanza, mpaka majibu yaje."

"Nikiacha natapika, Mama. Chakula chote kinatoka. Na wewe mwenyewe umesema bado hujajua."

"Nimesema sijapima. Sikusema sijui."

"Kwangu mimi ni kitu kimoja," alisema Emérite, bila ubishi wowote.

Majibu yalipokuwa tayari, Leonida alifanya jambo ambalo baadaye hakuweza kulielewa. Alimwomba François apige simu Jumamosi, saa ya wateja wengi mezani kwa Bi Mwanaasha, ili awasikilizishe watu wote kwa kipaza sauti. Hakumuuliza kwanza ameona nini. Alijua ameona nini.

"Bonjour, Docteur," sauti ya François ilitoka kwenye simu, katikati ya mafungu ya dagaa. "Radiumu iko ndani. Iko mingi, inapita mara nyingi udongo ya kawaida."

Leonida aliinua kichwa, akawatazama mmoja mmoja. Bi Mwanaasha akainamia simu.

"Hujambo, baba. Mimi ndiye mwenye udongo. Ati, serikali imeweka kiwango?"

"Ndiyo, mama. Kiwango iko."

"Na wangu umekipita?"

François alikuwa na watoto wanne na kibali cha kazi kilichokuwa karibu kwisha, hakuthubutu kusema zaidi ya namba iliyoandikwa.

"Hapana, mama. Haijapita."

"François," alisema Leonida, "waambie hicho ni kiwango cha udongo gani."

"Ya chini, Docteur. Ya kukanyaga."

"Na wa kula?"

"Ya kula hakuna mtu aliandika. Nani angefikiri watu watakula?"

Lakini neno hilo lilianguka kwenye meza isiyo na msikilizaji. Bi Mwanaasha alikwisha kuanza kupiga kofi, akiita kama mnadi: udongo umepimwa, udongo umekwenda maabara, umefaulu. Tangu siku ile biashara yake ilipanda. Wanawake walikuja hata kutoka mtaa wa Fordsburg kuufuata udongo uliopimwa na daktari.

"Nilikuambia upimwe," alisema Emérite njiani kurudi. "Si umepimwa?"

Vusumuzi alipohadithiwa, alicheka mpaka akavua miwani. "Miaka yote umeililia nchi hii ikupe jukwaa la kutoa matokeo yako," alisema kwa Kiswahili chake cha Morogoro. "Leo umelipata, ukampigia debe Bi Mwanaasha." Leonida alicheka naye, kisha akajikuta hawezi kuendelea, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Siku ya tatu alimwendea Emérite na swali ambalo elimu yake yote haikuwahi kumtuma aulize.

"Ulimi wako unataka nini katika udongo ule?"

Emérite alifikiri. "Uchachu. Na ile harufu ya mvua inapoanza."

Maduka ya dawa ya Fordsburg yaliuza udongo mweupe, safi, wa kutuliza tumbo. Leonida alinunua mfuko, akanunua na ukwaju, kwa Bi Mwanaasha huyohuyo, ambaye alimwongezea fungu la bure kwa kumshukuru. Jikoni kwake akakanda, akaoka, akaonja. Kipande cha kwanza Emérite alikitema.

"Hii chaki umeiba shuleni kwako."

Cha pili alisema ni dawa ya minyoo. Kingine kilikuwa kigumu hata akahofia jino. Leonida alipunguza ukwaju, akauongeza, akaacha oveni akachoma kwa mkaa, kisha akanyunyiza maji vipande vikiwa bado vya moto, ili harufu iamke. Alifanya kazi kwa hasira, na kwa uangalifu ambao hasira yake haikuutikisa.

Emérite alitafuna kipande hicho polepole. Akachukua kingine.

"Umekaribia sana," alisema. Akatoa mfuko wa udongo wa manjano kwenye kanga yake, akauweka mezani. "Chukua. Lakini sikufichi, Mama. Ukiniishia huu wako, nitarudi kwa yule."

"Hautakuishia."

"Na wenzangu wanasema udongo wa duka la dawa hauna baraka. Hawautaki."

Leonida aliutazama mfuko. Kuutupa jaani hakuweza; mikono iliyofunzwa Kiev haitupi kitu kama kile jaani. Adhuhuri ya siku ileile alipanda teksi hadi kusini mwa Fordsburg, akapita palipokatika uzio, akaupanda mteremko hatua chache na kuumimina udongo ule mahali ulipotoka.

Ulikuwa mwezi wa Agosti, msimu wa ukavu na pepo kali, na upepo haukungoja udongo ufike chini. Uliuchukua pamoja na vumbi la ubavu mzima wa mlima, ukalinyanyua juu na kulisukuma kaskazini, kuelekea mapaa ya Mayfair. Leonida akaanza kutembea haraka. Emérite alikuwa ameanika nguo.