Bagula na Ngumi Alizoziacha Columbus

Majira yale ya baridi, bwawa lililo nyuma ya nyumba zetu za Louisville liliganda juma zima, jambo lililowashangaza hata wenyeji. Bagula, mtoto wa Adolphine, alikuwa na miaka tisa. Alivaa viatu vya kutelezea alivyopewa kanisani, akavijaza soksi vimtoshe, akaingia barafuni kama aliyezaliwa juu yake. Watoto walipopigiana kisahani cha hoki kwa magongo, pasi zake zilikuwa laini. Kila aliyecheza naye alipata bao.

Alipokua, timu ya hoki ya Columbus ilimsajili. Huko walitazama mabega yake, si pasi zake, wakampa kazi ya kupigana. Mpinzani akimgusa nyota wao, Bagula hutupa glavu chini akamshukia kwa ngumi, na uwanja mzima huimba, "Nyundo! Nyundo!" Mama yake alitazama mara moja kwenye televisheni, akaizima.

Kanisani kwetu mgeni husimama, naye mwenyeji wake humtambulisha. Bagula alipokuja likizo, Adolphine alisema, "Huyu ni mwanangu. Anafanya kazi Columbus," akaketi upesi. Kijana alilisikia lile lililoachwa, neno hoki, likamkaa moyoni.

Kisha Columbus wakambadilisha na mchezaji wa timu ya Buffalo, bila kumuuliza, kama ilivyo kawaida ya mchezo ule. Katika mechi ya kwanza alisukumwa kidogo, naye kwa mazoea akatupa glavu. Kocha mpya akamweka benchi.

"Wapiganaji ninao," alimwambia. "Wewe nilikutaka kwa pasi zako."

Nadine, muuza dagaa na unga wa muhogo wa Grant Street huko Buffalo, naye hakumhurumia Bagula alipoingia dukani. "Ni wewe ule Nyundo? Bon, haya, ingia huku nyuma utwange muhogo, tuone faida yako!" Wateja wakaangua kicheko, na Bagula akacheka nao.

Polepole pasi za bwawani zikarudi. Wachezaji waliokuwa wakimkwepa mazoezini wakaanza kugombea kucheza upande wake. Ndipo Nadine akampigia simu Adolphine: "Mama Bagula, kuya uone na macho yako!"

Akaja, siku ile ile Columbus walipokuja kucheza Buffalo. Aliketi kati ya Nadine na wanakwaya wa kanisa la Buffalo, vitenge juu ya makoti. Mabao yalikuwa mawili kwa mawili, muda unayoyoma, Bagula ana kisahani kwenye gongo lake, mara beki wa Columbus, rafiki yake wa zamani, akatupa glavu mbele yake.

"Njoo, Nyundo! Au Buffalo wamekugeuza yaya?"

Uwanja ukasimama. Adolphine akafumba macho.

"Ziokote, kaka," Bagula akamjibu, "vidole vitaganda." Akamzunguka.

Baadhi ya mashabiki wakazomea. Lakini wanakwaya, wasiojua kanuni hata moja ya hoki, wakapiga vigelegele kana kwamba bao limeingia! Adolphine akafumbua macho, akamwona mwanawe akipenyeza pasi kati ya mabeki wawili hadi kwa mwenzake aliye peke yake, na kabla vigelegele havijaisha, bao likaingia kweli.

Jumapili, katika kanisa la Buffalo, mgeni alikuwa Adolphine, na wa kumtambulisha alikuwa Bagula. Alikuwa anainuka, mama akamtangulia.

"Bwana asifiwe! Mimi ni mama yake Bagula, huyu anayecheza hoki."

Bagula akaketi.