Zamu ya Maji ya Sista

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mchanga mbichi wa mto, ule unaofukuliwa chini sana wakati wa kiangazi, wenye ubaridi na uozo kidogo wa majani. Mto wetu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka soko la Kabati, ulikuwa mto kwa majuma machache tu ya mwaka. Siku nyingine zote ulikuwa njia pana ya mchanga ambamo akina mama walichimba visima, wakashuka ndani mpaka tusiwaone, nasi watoto tukabaki juu tukipokea vibuyu vya maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa na umri wa miaka kama kumi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mwaka ambao mawingu ya Novemba yalikusanyika vizuri kabisa kisha yakaenda zake. Ng'ombe wa baba walianza kulala bila kuinuka.

Mwaka huo watu walikuwa wakihama. Hawakuaga sana. Uliamka ukakuta boma la jirani limezibwa kwa matawi ya miiba, na mlango wa nyumba umeng'olewa kwa sababu mbao nzuri mtu hakuziacha nyuma. Wengi walielekea Shimba Hills, upande wa pwani, ambako baba mdogo alikuwa amepata shamba. Alikuja kututembelea na nazi ndani ya gunia, akatuvunjia, tukanywa yale maji matamu huku tukitazamana.

"Huko mhogo unaupanda, unaenda zako, ukirudi umeota," alimwambia baba. "Hapa mnangoja nini?"

Tangu siku hiyo baba aliacha kutengeneza ua.

Mama alikuwa na jibu lake, ila hakutaka kulisema mbele ya mgeni. Miezi mingi kabla ya hapo, mdogo wake, Kalondu, alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Wanaume walimbeba juu ya kitanda kuelekea Kabati kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Nilikuwa njiani nikichunga mbuzi walipokuwa wakirudi. Niliwaona wanatembea polepole, nikajua, kwa sababu walipokwenda walikuwa wakikimbia. Mume wa Kalondu alihama baada ya mazishi, na waliomfuata walisema maneno yale yale: njaa tumeizoea, lakini mahali ambapo mwanamke anafia njiani si mahali pa kukaa. Ndipo mama na wenzake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi za shamba, walipokwenda kwa chifu kuomba muuguzi. Wakaambiwa muuguzi anaweza kupatikana, ila hana pa kulala. Basi wakafyatua matofali wenyewe mto ungali na maji, wakajenga chumba cha matibabu na nyumba ndogo nyuma yake.

Aliyeletwa aliitwa Halima. Sisi tulimwita Sista, kama tulivyowaita wauguzi wote. Alikuwa binti wa mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini-mashariki, amekulia Mwingi, na Kikamba chake, lugha ya kwetu, kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili cha mama. Wanawake walimwahidi kwamba hatakwenda mtoni. Kila boma lingempelekea debe la maji kwa zamu. Kwa miezi kadhaa ahadi ile ilitimizwa. Kisha visima vikaanza kukauka kimoja baada ya kingine, foleni ikawa inapangwa kabla jua halijatoka, na siku ya zamu ya Mama Mutua debe lilifika nusu.

Mama Mutua alikuwa na watoto wengi kuliko mtu yeyote pale, na hakuwa mtu wa kusengenya. Alisema pale pale mlangoni kwa Sista, mama na mimi tukisikia.

"Unanawa kabla ya kuswali, unanawa kila ukigusa mgonjwa. Watoto wangu hawajanawa uso tangu Jumapili."

Sista alilipokea lile debe. "Mama Mutua, ni kweli," alisema. "Msiniletee tena. Nitapanga foleni kama nyinyi."

Kesho yake alikuja mtoni na debe lake, akakaa nyuma yetu. Asubuhi zote zilizofuata zahanati ilikuwa imefungwa. Baba alipopata habari alimwambia mama, "Mwezi huu hautaisha kabla yule hajaondoka. Akiondoka, na sisi tunaondoka." Mama alikuwa mjamzito. Aliendelea kutwanga mahindi ya muthokoi, yale ya kukobolewa kinuni.

Kisha siku moja akafika mtoni mwanamke kutoka ng'ambo ya kilima, na mtoto mgongoni. Alikuwa amegonga mlango wa zahanati mpaka akachoka. Mtoto alikuwa akiharisha, macho yameingia ndani. Sista alimpokea, akamlaza kwenye khanga, akaomba maji safi ya kuchemsha. Hakuna aliyesogea. Kila mmoja alikuwa amengoja tangu alfajiri. Mwishowe Mama Mutua aliinua debe lake mwenyewe, akampa Sista, akamgeukia kila mmoja wetu kwa hasira.

"Tulimjengea nyumba ili akae mtoni?"

Mtoto yule hakupona. Sista alilia mbele ya watu, kisha akaanza kupanga nguo zake ndani ya sanduku. Wanawake walikwenda kwake wakiwa na debe lililojaa mpaka juu. Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno. Mama Mutua alisema tu, "Usihame, Sista. Debe lako litajazwa kwanza." Likawa linajazwa kwanza.

Mama alijifungua katika chumba kile alasiri moja ya joto kali, baada ya kutwa nzima ya uchungu, mtoto akitanguliza miguu. Baba alikaa nje chini ya ukuta, kofia mkononi. Sista akatoka akijifuta mikono.

"Baba Mwende, una msichana. Wote wazima," alisema, akimwita baba kwa jina langu.

Baba alisimama. Akachukua debe tupu lililokuwa mlangoni, akateremka nalo mtoni. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume wa kwetu akichota maji.

Hata hivyo baba aliondoka. Ng'ombe walikwisha, na mama hakukubali kuhama, kwa hiyo akaenda Shimba Hills peke yake kufanya vibarua, akawa anatutumia mhogo mkavu kwa malori. Mvua iliponyesha alirudi akalima, kisha akaenda tena. Akaishi hivyo, huku na kule, mpaka uzeeni, na sisi tukakua tukimpenda mtu aliyekuwa mgeni nusu.

Siku hizi zahanati ile ina wodi ya kina mama na maji ya bomba, na gari linafika mlangoni. Zamani tulitaka jambo dogo, mtu asife njiani, na hilo tulilipata. Wanaohama leo hawafukuzwi na kifo wala kiu. Ni vijana waliozaliwa salama pale pale, wamesoma, wanauliza kazi iko wapi, na swali hilo hatujajua bado tulifyatulie tofali gani. Mama angali anaishi pale. Kila ninapofika huniuliza kama nimesikia nani amerudi. Siku nyingine huwa nina jina la kumtajia.